Wenzangu mnaotumia dawa za kuzuia damu kuganda hapa Mombasa, njooni tuongee

Bi Cherehani (mwenye uzi)

Assalam alaykum, na wasiokuwa Waislamu hamjambo wote. Nafungua uzi huu manake kila wiki naona mtu anaingia humu anauliza, mguu wangu mmoja umevimba, ama nimepewa warfarini, kile kidonge cha kuzuia damu kuganda, niimeze mpaka lini, halafu anajibiwa na watu kumi kila mtu na lake, huyu apake mafuta ya nazi, yule akande na maji ya moto, mwengine amwambia huyo katupiwa kitu aende akaaguliwe. Sasa mie nasema tukae mahali pamoja wale tunaoishi na jambo hili, tuambiane, na mwenye kujua zaidi atusahihishe.

Mie fundi cherehani, kazi yangu kukaa. Donge la damu la kwanza lilinijia baada ya kupasuliwa fibroidi, ule uvimbe wa kizazi, tumbo lauma sitaki hata kuinuka kitandani, tafu la mguu wa kushoto likawa gumu, la moto, limevimba kulishinda la kulia. Nkafanyiwa ultrasaundi ya doppla wakaliona kwenye vena ya ndani. Nkapewa sindano za tumboni na warfarini pamoja, baada ya miezi mitatu daktari akanitoa kwenye dawa, akasema hili lilikuwa na sababu yake, upasuaji, na sababu yenyewe imeondoka. Sawa. Miaka ikapita likaja la pili bila sababu yoyote, sikupasuliwa, sikusafiri, sikuwa mja mzito, na hili halikutulia mguuni, lilipanda mpaka kwenye mapafu. Kifua chachoma kila nikivuta pumzi, na ngazi za nyumbani nnazopanda kila siku na kapu la Marikiti nikawa sizimalizi. Hapo ndo nkaambiwa sasa dawa ni ya maisha, manake donge lililokuja lenyewe bila sababu lina tabia ya kurudi.

Watu huuliza dawa yenyewe yafanya nini. Haiyeyushi donge. Donge mwili wenyewe ndio unaolimaliza polepole, wiki na miezi, dawa kazi yake ni kulizuia lisikue na lisizaliwe jengine huku mwili unashughulika. Kwahivo yule anayesema mguu umetulia nshapona naacha, huyo ndo wa kumuonea huruma, manake mguu hutulia mapema kuliko donge kwisha.

Lakini nilichotaka kusema hasa ni hiki. Tangu niingie kwenye dawa hizi, kidonge chenyewe hakijanitisha. Wanaonitisha ni watu wanaotia mikono mwilini mwangu na hawajui. Ukiumwa mgongo mtaani kwetu kemisti ashakuchoma diklofenaki ya makalio hujamaliza hata salamu. Shangazi akiona mguu umevimba ashashika mafuta ya simsim ataka kuukanda. Shoga yako yuwaja kukuita hijama, kuchanjwa na kuumikwa damu, ati tarehe za sunna zimefika. Daktari wa meno yuwasema fungua mdomo. Wote nia njema, na wote waweza kukutoa damu isiyokatika. Kwahivo mie sina haya tena, kabla mtu hajanigusa wala hajanipa kitu cha kumeza namwambia natumia warfarini, hata kama foleni nyuma yangu waguna. Na nimeandika karatasi nkaitia nyuma ya kitambulisho, jina la dawa, dozi, naitumia kwa nini, INR yangu yatakiwa iwe ngapi, na namba ya kakangu.

Haya, karibuni. Wenye matusi wapite.

mtoto_wa_likoni

Bi Cherehani shukran kwa uzi, mie mgeni kabisa kwenye haya mambo, donge la paja, nimetoka wodini juzi. Hio INR ndo nini? Kwenye kadi yangu wameandika 2 mpaka 3 na leo nko 1.6, nesi akaguna tu akaniongezea dozi, nikauliza nkaambiwa "utaelewa mbele ya safari".

Kemisti Kisauni

Mdogo wangu wa Likoni, pole. INR ni kipimo cha damu yako inachukua muda gani kuganda ikilinganishwa na ya mtu asiyetumia dawa. Asiyetumia huwa 1 hivi. Wewe wa donge la mguu ama la mapafu wanakutaka 2 mpaka 3. Ikiwa chini ya 2 kinga haitoshi, ikipita 3 hatari ya kuvuja damu inaanza kupanda, na ikipita 4 na 5 inapanda kwa kasi. 1.6 mwanzoni ni kawaida, warfarini haifanyi kazi siku hiyo hiyo, inaizuia vitamini K isitengeneze protini za kugandisha damu lakini zile za zamani bado zinazunguka mpaka ziishe, ndo maana mwanzoni wanakupa na sindano pamoja kwa siku 5 angalau na mpaka INR ifike 2. Na ndo maana dozi ikibadilishwa leo matokeo utayaona baada ya siku mbili tatu, sio kesho asubuhi.

Halafu niongezee kwa aliyosema Bi Cherehani kuhusu sisi watu wa kemisti, manake kasema kweli. Flagyl, Septrin na flukonazoli (ile ya fangasi) zinapandisha INR, na hizi ndizo dawa watu wanauziwa kila siku bila hata kuulizwa jina. Rifampisini ya TB inaishusha sana. Brufen, diklofenaki na aspirini zinaharibu ukuta wa tumbo na kuzuia chembe za damu kushikana, kwahivo hata INR ikiwa nzuri unaweza kuvuja. Ukiumwa kichwa tumia Panadol, lakini nayo usiile kutwa mara nne wiki nzima halafu ukanyamaza, kwa wingi huo nayo inapandisha.

Vali ya Changamwe

Mie si wa donge la mguu, mie nna vali ya chuma kwenye moyo, vali ya mitrali. Nilipokuwa mdogo koo lilikuwa laniuma mara kwa mara halitibiwi, likageuka homa ya baridi yabisi, ikala vali. Kwahivo warfarini naijua siku nyingi na yangu yatakiwa iwe 2.5 mpaka 3.5, msije mkaona namba zangu mkatishika ama mkaiga.

Nataka kusema kuhusu chakula manake hapa watu hupotoshwa sana. Utaambiwa usile mboga za majani kabisa. Uongo. Sukuma, mchicha, kisamvu, majani ya kunde, zote zina vitamini K nyingi na vitamini K ndo yapingana na warfarini, hilo kweli. Lakini dawa ya hilo si kuacha, dawa ni kula kiasi kile kile. Mie mwanzo INR yangu ilikuwa yapanda na kushuka na tarehe ya mshahara, wallahi. Wiki ya mwanzo wa mwezi nyama, pilau, mshikaki wa jioni, INR iko juu. Ikifika tarehe ishirini na kitu ni sukuma na ugali mchana na usiku, INR chini. Daktari akawa aniongeza anipunguza, aniongeza anipunguza, mpaka bibi mmoja pale kwenye foleni ya kliniki, yeye mwenyewe mgonjwa, ndo aliyeniuliza waila nini mwisho wa mwezi. Sasa nala mchicha wa nazi bakuli moja siku zile zile, pesa iwepo isiwepo, na namba imetulia.

Samaki, muhogo, mahamri, mbaazi, madafu, hivyo havina shida na INR, kuleni.

Habasoda Tiba Asili

Ndugu zangu mnajitesa na makemikali bure. Damu inaganda kwa sababu ni chafu na nzito. Kitunguu saumu punje 7 asubuhi, tangawizi, habasoda na asali, siku 40 mishipa inafunguka yenyewe. Nina wateja wengi wameacha hizo dawa. Anayetaka aje inbox.

Bi Cherehani

Ndugu Habasoda, habasoda twaila na asali twaila, na hadithi zake twazijua. Lakini usimwambie mtu mwenye donge kwenye mapafu aache dawa. Hao wateja walioacha wewe wawafuatilia? Ama asiyerudi wahesabu kapona?

Kemisti Kisauni

Na kuchanganya ndo kubaya zaidi. Kitunguu saumu cha kwenye mchuzi hakina neno, tangawizi ya kwenye chai haina neno. Lakini punje 7 mbichi kila siku juu ya warfarini ni kuongeza hatari ya kutoka damu. Mtu akitaka kutumia kitu cha asili amwambie daktari wake kwanza, basi. Na hijama hali kadhalika, ule ni mkato wa ngozi, mtu wa dawa hizi asichanjwe bila daktari kujua.

Umu Salma

Nimesoma yote nkaona niandike, inshallah itamsaidia mzazi mwengine. Mie langu lilikuja kwenye arobaini. Nlizaa kwa upasuaji, nkarudi kwa mamangu, mwajua tena mambo yetu, mzazi alala, akandwa, afungwa mkanda, uji wa pilipili manga, hashiki hata kijiko. Raha si raha. Wiki ya tatu mguu wa kushoto ukavimba mzima, kuanzia kwenye kinena mpaka chini, umebadilika rangi. Watu wazima wakasema uzazi huo, wengine wakasema nimekanyaga baridi, mkandaji akaitwa. Alipougusa tu nkapiga kelele ndo mume wangu akaja akanibeba kwa tuktuk.

Daktari akaniambia mwanamke aliyezaa zile wiki sita za mwanzo ndo ana hatari kubwa ya damu kuganda, kushinda hata alipokuwa mjamzito, na ukiwa umepasuliwa na walala tu yaongezeka. Sisemi arobaini mbaya, mie hata mtoto wa pili nlikaa arobaini yangu vizuri kabisa, ila nlikuwa natembea mle ndani, natoka ukumbini narudi, nanyanyuka kwenda kumchukua mtoto mwenyewe, na sindano za kinga nlipewa tangu mimba.

Sasa swali ambalo lilinikosesha usingizi, na najua kuna wengine wanalo waona haya kuuliza. Zile sindano, Clexane, zatoka kwa nguruwe?

Kemisti Kisauni

Ndio dadangu. Enoksaparini, ambayo ndo Clexane, na heparini nyingi zinatolewa kwenye utumbo wa nguruwe. Ni haki ya mgonjwa kujua. Iko nyengine inaitwa fondaparinaksi, hiyo imetengenezwa maabara haina mnyama, unaweza kumuuliza daktari kama inakufaa na kama inapatikana, ila kwa mjamzito enoksaparini ndo yenye uzoefu mrefu zaidi, haipiti kwenye kondo kumfikia mtoto.

Umu Salma

Shukran kwa ukweli wako. Mie nlimuuliza ustadhi wetu akanambia dharura huhalalisha kilichokatazwa, na kulinda nafsi ni wajibu, pasipokuwa na badala chukua dawa yako usiwe na wasiwasi. Nyinyi wengine ulizeni masheikhe zenu, lakini ulizeni huku mwachoma sindano, msisimamishe mkisubiri jibu. Na kina mama, warfarini mtu akiwa mja mzito ni hatari kwa mtoto, hasa wiki ya 6 mpaka ya 12, kwahivo ukikosa siku zako na uko kwenye warfarini kimbia kliniki siku hio hio. Kunyonyesha ukiwa kwenye warfarini hakuna neno, mie nlinyonyesha.

Na uzazi wa mpango, vile vidonge vyenye estrojeni si vyetu. Mie nimewekewa kipandikizi cha mkono.

Binti wa Bamburi

Hapo kwa mambo ya kina mama nami niongeze, tangu nianze rivaroksabani, moja ya zile dawa mpya za kuzuia damu kuganda, hedhi yangu imekuwa balaa, nabadilisha pedi kila saa, nkawa nimechoka nahema tu, kumbe damu imepungua. Naona wanaume hawaambiwi haya na sisi hatuambiwi vile vile. Msivumilie, semeni, mie nimebadilishiwa dawa na nikapewa vidonge vya chuma, niko sawa sasa.

mtoto_wa_likoni

Jamani amu yangu kaja leo kunitazama, kuona warfarini akasema ati hii ni sumu ya panya. Nkadhani ni mzaha, nkaangalia kwa simu nkaona kweli. Mbona hamkusema? Nimemeza ya jana lakini ya leo mkono wasita.

Mwalimu wa Mikindani

Hahaha, amu yako hakukosea, kaisema stori nusu. Ngoja nikupe yote, mie nilisomesha biolojia miaka.

Miaka ya 1920 kule kaskazini ya Marekani na Kanada ng'ombe walikuwa wanakufa kwa kutokwa na damu, akikatwa pembe ama akihasiwa hakatiki damu mpaka afe. Wakagundua ni majani makavu ya klova tamu yaliyoharibika kwa unyevu. Mwaka 1933 mkulima mmoja alibeba ndama aliyekufa na debe la damu isiyoganda, kwenye theluji, akaenda mpaka Chuo Kikuu cha Wisconsin kwa mtaalamu aitwaye Karl Paul Link. Link na wenzake wakaifukuzia ile kemikali miaka mpaka wakaipata, kisha wakatengeneza ndugu yake aliye mkali zaidi. Jina warfarini limetokana na herufi za wakfu wa utafiti wa chuo hicho. Mwaka 1948 ikauzwa kuulia panya, mwaka 1954 ikakubaliwa kwa binadamu, na mwaka 1955 Rais Eisenhower wa Marekani aliposhikwa na moyo akapewa hiyo hiyo.

Panya anakufa kwa sababu anakula bila kipimo na hakuna anayempima INR. Wewe unapimwa. Meza dawa yako kijana.

mtoto_wa_likoni

Nimemeza mwalimu. Nimemuonyesha amu, kasema bado ni sumu ila "ya wenye akili".

Trela Mombasa-Malaba

Mimi ni mtu wa bara lakini Mombasa ndio nyumbani sasa, niko Miritini. Dereva wa trela. Donge lilinipata kwa mguu halafu mapafu, daktari alisema kukaa saa nyingi bila kunyoosha miguu kumechangia na tena mimi ni mnene. Na si kuendesha tu, kuna ile kukaa kwa foleni Mariakani unasinzia kwa kiti miguu imekunjwa. Siku hizi nikifika Voi nashuka, Mtito nashuka, natembea nazunguka gari lote mara kadhaa, na nikiwa nimekaa nakunja na kukunjua vifundo vya miguu. Nakunywa maji, mambo ya kuogopa kukojoa njiani niliacha.

Mimi niko kwa rivaroksabani. Nilianza 15 mg mara mbili kwa siku wiki tatu, halafu 20 mara moja. Uzuri hakuna INR, hakuna kukimbilia kliniki, na sukuma nakula vile nataka. Ubaya ni bei. Na kitu sikuelezwa na ni muhimu, hiyo dozi ya 15 na ya 20 lazima imezwe na chakula, chakula cha kushiba, si chai ya rangi na andazi moja, la sivyo haiingii vizuri mwilini. Niliambiwa na daktari mwingine kabisa, kwa bahati tu. Kuna mwenzangu wa barabara anatumia apiksabani, hiyo anasema asubuhi na jioni na haijali kama umekula.

Vali ya Changamwe

Wapo walionishauri nihamie hizo mpya. Kemisti wasemaje?

Kemisti Kisauni

Hapana kabisa kakangu. Mwenye vali ya chuma ni warfarini tu. Zile mpya zilijaribiwa kwa watu wa vali za chuma matokeo yakawa mabaya.

Na kwa Trela na wengine wa hizo mpya, hakuna INR lakini figo zipimwe mara kwa mara, manake dawa kiasi chake inatokea huko. Halafu bei, nisikizeni hapa. Naona watu wananunua vidonge vya siku tatu, pesa ikiisha wanapumzika wiki, wakipata wanarudi. Kinga ya dawa hizi haikai, ukikosa siku moja tu imeshatoka mwilini. Kama hela haitoshi kila mwezi ongea na daktari akurudishe kwenye warfarini ya bei nafuu, warfarini inayomezwa kila siku ni bora mara nyingi kuliko rivaroksabani ya kurukaruka. Usihame mwenyewe, kuna utaratibu wa kupishanisha.

Mama wa Kilifi

Nasoma tu kimya kimya. Mwanangu ana selimundu, na huku kwetu pwani watoto wa selimundu wako wengi, nao wakikua damu yao ni rahisi kuganda. Akishikwa na kifua mjue si lazima iwe nimonia, yaweza kuwa donge. Nimeambiwa hivyo na daktari nikaona niwaachie hapa.

Saumu Inakaribia

Ramadhani twafanyaje? Mie apiksabani mara mbili, na sitaki kula mchana.

Kemisti Kisauni

Kwanza kabisa daktari akuruhusu kufunga, aliye ndani ya miezi ya mwanzo ya donge la mapafu mara nyingi ataambiwa asubiri. Ukiruhusiwa, sisi tuna bahati tuko karibu na ikweta, saumu yetu saa 13 hivi mwaka wowote. Wa warfarini anameza baada ya futari. Wa rivaroksabani ya mara moja anameza na futari yenyewe, manake hapo kuna chakula. Wa apiksabani futari na daku, si saa 12 kamili katikati lakini ndo nafasi iliyopo, muulize daktari wako akubali. Maji kati ya futari na daku kunywa kwa wingi. Na wa warfarini mpimwe INR wiki ya kwanza ya mfungo, chakula kinabadilika sana.

Bi Cherehani

Na sindano ya tumboni masheikhe wengi wanasema haifunguzi manake si chakula. Ulizeni lakini.

Soksi za Joto

Swali fupi, nimeambiwa nivae soksi za kubana mpaka gotini kwa miaka miwili. Na joto hili la Februari?? Naoga jasho.

Bi Cherehani

Zamani walimlazimisha kila mtu. Mie daktari wangu aliniambia siku hizi wamepunguza, utafiti mkubwa ulionyesha hazizuii ule uvimbe wa kudumu wa baadaye, lakini kama mguu wako wavimba jioni na ukizivaa wapata nafuu basi vaa. Mie huvaa siku za kazi nyingi, harusi zikikaribia, siku nyengine nauinua mguu kwenye mto juu ya kiwango cha moyo, feni juu. Ngozi ya kifundo ikianza kuwa nyeusi na kuwasha usiikune, paka mafuta na uionyeshe kliniki, kidonda cha hapo hakiponi upesi.

Abiria wa Tuktuk

Mie jana tuktuk yetu ilipinduka kidogo karibu na Buxton, nimegonga kichwa kwenye chuma, hakuna damu, uvimbe mdogo tu. Niko kwenye warfarini. Nalala nikiamka nitaona.

Kemisti Kisauni

USILALE. Nenda hospitali sasa hivi, usiku huu, waambie neno la kwanza "natumia warfarini na nimegonga kichwa". Damu inaweza kuvujia ndani ya fuvu polepole bila alama nje. Wanahitaji kukupiga CT skani.

Vali ya Changamwe

Nenda ndugu. Kama huna nauli sema tupo.

Abiria wa Tuktuk

Nimeenda, wamenipiga skani, hamna kitu alhamdulillah, wameniweka mpaka asubuhi kuniangalia. Daktari wa zamu alisema nlifanya vizuri kuja. Shukran nyote.

Bi Cherehani

Alhamdulillah. Na wengine mshike hizi pia, choo cheusi cha kunata, mkojo mwekundu, kutapika damu, damu ya pua isiyokatika umeminya dakika kumi na zaidi, hizo si za kusubiri kliniki ya mwezi ujao. Na upande wa pili, pumzi kukata ghafla, kifua kuchoma, kukohoa damu, kuzimia, hata kama wameza dawa vizuri, nenda.

Daktari wa meno, nilimwambia nikang'olewa jino bila kuacha warfarini, alitaka tu aone INR ya karibuni kabla, akanishonea na kunipa pamba ya kuuma. Kuacha dawa kwa kujiamulia ili ung'olewe jino, hapana.

mtoto_wa_likoni

Nimerudi. INR leo 4.9. Sijavuja popote. Sijabadilisha chakula, dozi nameza vile vile saa mbili usiku kengele ya simu ikilia. Nimeogopa.

Kemisti Kisauni

Umekunywa dawa nyengine yoyote?

mtoto_wa_likoni

Tumbo tu lilikuwa lauma wiki iliyopita, mamangu akaninunulia dawa pale dukani karibu na feri. Vidonge vya manjano, naangalia pakiti... Flagyl.

Vali ya Changamwe

Ehe.

Kemisti Kisauni

Ndo hiyo. Kliniki wamekwambiaje?

mtoto_wa_likoni

Wamesema leo na kesho nisimeze warfarini, nirudi keshokutwa kupimwa. Bi mkubwa amekaa kimya tangu asubuhi, anajiona yeye ndo mwenye makosa, mie namwambia hakujua.

Bi Cherehani

Mwambie mamako asijilaumu hata kidogo, kwani aliyemuuzia alimuuliza? Fuata walivyokwambia. Mpaka keshokutwa usipande boda, usinyoe na wembe, mswaki laini.

Kemisti Kisauni

Na Flagyl waulize kliniki uimalize ama uiache, usiamue wewe. Ikishaisha mwilini INR itaanza kushuka tena, kwahivo keshokutwa wakikupa dozi mpya usije wiki mbili mbele ukakaa nayo hiyo hiyo bila kupimwa. Omba tarehe ya kupimwa tena ndani ya wiki, waandike kwenye kadi kabla hujatoka.

mtoto_wa_likoni

Sawa. Keshokutwa nitaandika hapa namba.